Fleti ya Upanga: jirani hana neno, kesi ipo kwenye ngazi

Mtu anayetafuta fleti ya kununua Upanga, Dar es Salaam, huwa na swali moja kabla hata ya bei: "Jengo lenyewe wanakaa watu gani?" Haulizi umri wala kazi. Anataka kujua kama ni jengo la Wahindi, la Waarabu, la Wasomali, la wafanyabiashara wa Kariakoo waliopanda daraja, au la mchanganyiko. Akiambiwa mchanganyiko, kuna anayefurahi na kuna anayekunja uso. Dalali mzoefu analijua swali hilo na anatembea na majibu mawili mfukoni. Anatoa moja kulingana na sura iliyo mbele yake.

Swali lenyewe halikuanza jana. Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi za watu tangu Wajerumani walipoleta kanuni za ujenzi za mwaka 1891, na Waingereza walipokuja wakakaza uzi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati ya mji, Uswahilini Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja iliachwa wazi kwa makusudi, iwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Upanga ya nyumba za chini na vighorofa viwili vitatu ilijengeka hasa miaka ya 1950, na wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa familia za Kiasia. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo. Nyumba za kupangisha zilizothaminiwa kuanzia shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Karani wa wizara, muuguzi wa Muhimbili na mjane wa Kiismailia wakajikuta wanapanda ngazi moja.

Kwa hiyo mchanganyiko wa Upanga haukuletwa na mapenzi ya watu kuishi pamoja. Ulianzishwa na sheria, pesa ikaja kuuendeleza. Leo mtoto wa yule karani anauza dukani Kariakoo, mjukuu wa yule mjane yuko Toronto, na pale palipokuwa na nyumba ya chini yenye mwarobaini uani pamesimama jengo la ghorofa kumi lenye fleti za kuuza. Ndizo unazotembezwa kuziona.

Sidhani kama swali la "wanakaa watu gani" ni la kijinga. Lakini linaulizia kitu kisichokuwa na madhara na kuacha kilicho na madhara. Jirani wa dini au kabila lingine hana neno. Kinachoangusha thamani ya fleti katika mtaa wa mchanganyiko ni vile vitu ambavyo hakuna mwenye nyumba anayeweza kuvifungia ndani kwake: ngazi, lifti, pampu, matangi, paa, msingi, na zaidi ya vyote karatasi ya kiwanja. Kwenye jengo la watu wa jamii moja vitu hivyo vinalindwa na aibu. Kwenye jengo la mchanganyiko aibu haipandi mpaka ghorofa ya tano; panatakiwa katiba iliyoandikwa, na majengo mengi hayana.

Nimeyaona yote mawili kwa macho yangu, na yako mwendo mfupi tu kwa miguu. Katika jengo la kwanza, ambalo karibu familia zote ni za jumuiya moja ya kidini, kando ya lifti pamebandikwa jedwali la michango lililochapwa vizuri na kuwekwa kwenye fremu ya kioo. Namba za fleti upande wa kushoto, miezi juu, vema za kijani zimejaa. Fleti mbili zina nafasi tupu. Mwenyeji wangu akaniambia bila wasiwasi kwamba mwenye ile ya ghorofa ya nne atalipa Ijumaa, maana mzee wa jengo atakutana naye kwenye ibada. Katika jengo la pili, la watu wa kila aina, ubao upo pia. Karatasi imebandikwa kwa selotepu, kichwa kimeandikwa kwa kalamu nene: WADAIWA SUGU. Namba tatu zimekwanguliwa kwa ukucha hadi hazisomeki. Chini kabisa mtu kaongeza kwa peni ya bluu: "Na wewe mwandishi umelipa?" Lifti ya jengo hilo ilikuwa imesimama. Matofali mawili yalikuwa yamezuia mlango wake usijifunge, na mtoto alikuwa amekaa humo ndani anafanya kazi za shule.

Mtu wa haraka atasema: basi tununue kwenye majengo ya jamii moja. Taratibu. Kwanza, mengi ya majengo hayo hutauziwa hata uwe na fedha taslimu. Dalali atakuuliza jina kamili kabla ya kutaja bei, na bei itakayotajwa itategemea jina hilo. Pili, hata ukifanikiwa kuingia, siku ya kutoka utakuwa na wanunuzi wachache mno. Nyumba ambayo unaweza kuiuza kwa familia mia mbili tu mjini ina bei yake, na si ile uliyonunulia. Tatu, na hili ndilo wengi hawalitazami, aibu hudumu kizazi kimoja. Wazee wakifariki na watoto wakahamia London, fleti zinapangishwa kwa watu wa nje, na lile jedwali la vema za kijani linabaki pambo la ukutani. Jengo linakuwa la mchanganyiko bila kujiandaa.

Tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo fedha za watu zinapozama.

Ghorofa nyingi mpya za Upanga, Kariakoo na Ilala hujengwa kwa ubia. Familia ina kiwanja na nyumba ya zamani, haina pesa. Mwekezaji ana pesa, hana kiwanja. Wanakubaliana: mwekezaji abomoe na kujenga ghorofa kumi, familia ipewe tatu na fremu mbili za maduka za chini, zinazobaki auze yeye. Hakuna ubaya wowote katika mpango huo. Bila ubia sehemu kubwa ya mji isingejengeka. Ubaya uko kwenye jambo moja dogo. Hati ya kiwanja inabaki na jina la mzee. Mwekezaji anaanza kuuza fleti msingi ukiwa bado kwenye shimo, na kila mnunuzi anapewa mkataba wa mauziano wenye mihuri mitatu na ahadi kwamba hati yake "itafuata".

Haifuati. Jengo linakwisha, watu wanahamia, wanaweka marumaru na mapazia. Miaka inapita, mzee anafariki. Sasa kila saini inataka msimamizi wa mirathi, na watoto saba wa mama wawili hawajakubaliana nani awe msimamizi. Kampuni ya mwekezaji ilifunguliwa kwa ajili ya jengo lile tu na sasa haina hata ofisi. Mnunuzi wa ghorofa ya sita anataka kuuza akatibiwe nje, benki ya anayetaka kununua inaomba hati, naye anatoa mkataba uliopauka. Anachomiliki kisheria ni haki ya kumdai mwekezaji ambaye simu yake haipatikani.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, ilitungwa kwa ajili ya hali hii hii. Mpima anachora ramani inayoonyesha kila fleti ilipo na ukubwa wake, ramani inasajiliwa, na kila mmiliki anapata hati yake mwenyewe ya sehemu ya jengo, ile wengine huiita hati pacha. Hati hiyo unaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani bila kumwomba ruhusa jirani wa ghorofa yoyote. Pamoja nayo unapata fungu lako katika mali ya pamoja, yaani ngazi, lifti, paa, uwanja wa magari. Na kinazaliwa chama cha wamiliki ambacho kisheria ni mtu kamili: kinatoza michango, kinafungua akaunti, kinashitaki na kushitakiwa. Kwa maneno mengine, sheria ile inafanya kwa karatasi kazi ambayo jumuiya inafanya kwa aibu. Mwaka huo huo ilipita na sheria ya mikopo ya nyumba, Namba 17, kwa sababu wabunge walijua benki haiwezi kukopesha kwa dhamana ya kitu kisicho na hati.

Ni zaidi ya miaka kumi na mitano sasa. Wanunuzi wengi wa fleti mjini bado wananunua kwa mkataba na kuaminiana. Wakenya walipoona mambo yao yanakwenda hivyo waliifuta sheria yao ya 1987, wakapitisha nyingine mwaka 2020 inayotaka hata upangaji wa muda mrefu uliokwisha kusajiliwa ugeuzwe kuwa hati ya sehemu. Wamelalamikiwa sana kwa gharama na usumbufu, lakini walau mnunuzi wa Nairobi anajua anachopaswa kudai. Kwetu mnunuzi akidai hati pacha, muuzaji humtazama kama mtu anayetafuta kisingizio.

Kuna kundi jingine ambalo karatasi zake zinachanganya zaidi: wapangaji wa nyumba za Shirika la Nyumba. Mtu amekaa fleti ya shirika Upanga tangu enzi za baba yake, analipa kodi nafuu, anataka kuhama. Anakuja mtu "anayenunua" kwa kutoa kilemba cha mamilioni, yaani pesa ya kumfanya mpangaji ampishe. Alichonunua ni nafasi ya mtu mwingine kwenye upangaji ambao hauuziki. Nimesikia watu wazima wenye digrii wakijisifu wana fleti Upanga, ukiuliza kidogo unakuta ni kilemba. Hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba waanze kumtafuta wakili leo.

Watu huniuliza mbona nasisitiza hati wakati bei ndiyo inawaumiza. Kwa sababu hati ndiyo bei. Chukua mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 16, kiwango cha kawaida kabisa kwenye mikopo ya nyumba hapa nchini, ulipe kwa miaka 15. Marejesho yanakaribia shilingi milioni 1.47 kwa mwezi, na hadi unamaliza umelipa kama milioni 264. Inatisha, lakini ndiyo njia pekee kwa mtu wa mshahara. Fleti isiyo na hati haipati hata mkopo huo unaotisha. Ina maana inaweza kununuliwa na mtu mwenye fedha taslimu tu, na mwenye fedha taslimu mjini ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara huyo, mara nyingi, hatafuti pa kulala. Anatafuta pa kuweka mali au pa kuegesha pesa. Hivyo ukosefu wa hati unachagua majirani zako kabla hujawauliza kabila lao.

Hapo ndipo mchanganyiko wenye hatari unapoanza: si wa watu, ni wa matumizi. Panda jengo lolote la Kariakoo lililoandikwa kwenye michoro kuwa ni la makazi kuanzia ghorofa ya tatu. Utakuta ya tatu ni stoo ya vitenge, ya nne stoo ya vyombo vya plastiki, ya tano familia, ya sita stoo ya mikoba, ya saba familia nyingine inayojiuliza kwa nini ukuta wa jikoni umeanza ufa. Marobota yanapandishwa usiku kwa lifti iliyotengenezwa kubeba watu sita. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, ambao kwa soko ni habari njema; kwa anayelala juu ya soko ni suala la kuulizia kabla ya kulipa. Na Kariakoo inasogea. Inavuka Mnazi Mmoja kila mwaka, fremu kwa fremu, kuja Kisutu na Upanga.

Uzito na uchimbaji si mambo ya kero peke yake. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, safari hii likiwa linatumika, limejaa wafanyabiashara na wateja asubuhi ya Jumamosi. Waliokufa walipita 25. Habari za siku zile zilizungumzia kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini kwa ajili ya maduka. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lote. Mimi nilichobaki najiuliza ni cha karibu zaidi: katika jengo lenye wamiliki ishirini, nani ana mamlaka ya kumwambia mwenye fremu ya chini kwamba nguzo ile haiguswi? Mkaazi wa ghorofa ya saba hana. Mwekezaji keshaondoka. Mwenye kiwanja kafariki. Chama cha wamiliki kilichosajiliwa kingekuwa nayo, pamoja na haki ya kwenda mahakamani kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo unapotembezwa na dalali, mwache aendelee kusifia marumaru na madirisha ya alumini. Omba uonyeshwe chumba cha mita. Chumba kile kina habari zote za jengo. Kama kila fleti ina mita yake ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, yenye namba iliyoandikwa vizuri, ni dalili njema. Kama kuna mita mbili za kugawana ghorofa nzima, na nyaya zimetoka pembeni kwenda kusikojulikana, ujue ugomvi umeshaanza hata kama wenyewe wanakusalimia kwa tabasamu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU; ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa za ghorofa, ikapandishwa miaka miwili baadaye. Mkishirikiana mita, mnashirikiana na kodi, na aliyenunua umeme mwanzo wa mwezi ndiye anayekatwa. Nimeona ndugu wa damu wakinuniana kwa hilo, sembuse watu ambao hawajui hata majina ya watoto wa mwenzao. Tena uliza mita ya pampu na taa za ngazi iko kwa jina la nani na nani huinunulia umeme. Ukijibiwa "huwa tunachangishana," endelea kuuliza.

Maji vivyo hivyo. Majengo mengi ya katikati ya mji yana kisima cha maji ya chumvi kwa choo na kufulia, na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kwa kupikia yakitoka. Fungua bomba la jikoni na la bafuni, onja yote mawili. Dalali atashangaa, acha ashangae. Panda juu kwenye simtanki uhesabu mangapi yana mfuniko. Kama upande huo wa Upanga unaelekea Jangwani na bonde la Msimbazi, nenda ukaone siku ya mvua, kwa sababu bonde lile lilishafurika hadi kuzima kituo cha mabasi ya Mwendokasi mara kadhaa, na maegesho ya chini ya jengo hayana ubishi na maji.

Halafu kuna pango la ardhi, ambalo hakuna anayelitaja wakati wa kuuza. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tunachomiliki ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Pango linatozwa kwa kiwanja kizima. Kama jengo halijagawanywa kisheria, bili inakwenda kwa mwenye jina kwenye hati, yaani yule mzee au warithi wake, na wasipolipa deni linaandikwa juu ya kiwanja ambacho fleti yako imekaa. Uliza hati ina miaka mingapi iliyobaki. Nyumba za Upanga ni za zamani na hati zake nyingi vilevile. Kununua fleti ya kisasa juu ya hati iliyobakiwa na miaka minane ni jambo linalotokea, na aliyenunua hugundua anapokwenda benki.

Baada ya yote hayo msomaji anaweza kudhani namfukuza akanunue kiwanja Kigamboni au Goba ajenge ukuta wake. Hapana. Ningekuwa na hela ya kununua leo ningenunua Upanga, tena katika jengo la mchanganyiko. Hakuna mahali pengine mjini unapoweza kwenda Muhimbili kwa mguu, mtoto akatembea kwenda shule ya Zanaki au Azania, ukashuka kununua mishikaki na urojo saa tatu usiku bila kuwasha gari. Wa pembezoni wanapata bustani na saa tatu kwa siku kwenye foleni. Mchanganyiko nao una faida ambazo hazitajwi kwenye matangazo: wakati wa Krismasi nusu ya jengo imesafiri kwenda Moshi na nusu ipo, wakati wa Idi inakuwa kinyume chake, kwa hiyo jengo haliachwi tupu na mlinzi hakosi chakula. Adhana ya alfajiri, ngoma ya harusi ya Jumamosi na fataki za Diwali utazoea kwa mwezi mmoja. Jenereta ya duka la chini hutaizoea maisha.

Tena mchanganyiko ndio unaolinda bei. Fleti inayoweza kununuliwa na daktari wa Kihaya, familia ya Kibohora na Mpemba wa duka la vipuri kwa wakati mmoja haikosi mteja. Ndiyo maana inauma kuona soko hilo pana linabanwa na uzembe wa karatasi.

Dola nayo ilikuwa inalibana. Kwa miaka mingi fleti za Upanga zilitangazwa kwa dola, hata muuzaji na mnunuzi wote wakiwa Watanzania wenye mishahara ya shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani. Wauzaji wengine sasa wanataja shilingi lakini namba inabadilika kila wiki. Unajua wanaangalia nini kwenye simu. Mkataba uandikwe shilingi, kiasi kikae hapo hapo, na muuzaji asikupe barua ya pembeni.

Utaratibu wenyewe wa ununuzi siurefushi, wakili wako ataujua: upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi, ridhaa ya mume au mke wa muuzaji kwa kuwa sheria ya ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila hiyo, ushuru wa stempu wa asilimia 1. Aliyechukua uraia wa nje aanze na wakili, si na dalali, kwa sababu sheria ya ardhi ya 1999 inamtazama tofauti na binamu yake aliyebaki nyumbani. Wakili awe wako. Yule wa "jengo," anayetumiwa na wote, ni wa mwekezaji.

Ninachotaka kuongeza ni nyaraka ambazo wakili mwenyewe huwa hazidai kwa kuwa hazimo kwenye orodha yake. Dai mihtasari ya vikao vya wamiliki ya miaka mitatu ya karibuni. Dai taarifa ya akaunti ya jengo. Dai barua inayosema fleti unayonunua haidaiwi mchango wa nyuma, kwa sababu deni la muuzaji litakuja kukugongea mlango wewe. Kama kuna sevis chaji, uliza imewahi kulipia nini kikubwa: lifti mpya, kupaka rangi, kuziba paa. Jengo ambalo halijawahi kutumia pesa ya pamoja kwa jambo kubwa halijajaribiwa bado, na jaribio litakukuta wewe ndani.

Muuzaji akikujibu kwamba hawajawahi kukaa kikao, wanaelewana tu, usimbishie; pengine ni kweli. Mwombe fundi wa lifti akupe makadirio ya kuitengeneza upya, mwombe mpima akupe makadirio ya ramani ya kugawanya jengo, jumlisha, gawa kwa idadi ya fleti, kisha zidisha kwa mbili kwa kuwa nusu ya majirani hawatalipa. Kiasi hicho kitoe kwenye bei. Akikataa, ghorofa za Upanga ni nyingi.

Na wizara ya ardhi pamoja na halmashauri ya jiji wana jambo lililo ndani ya uwezo wao kabisa, wala halihitaji sheria mpya. Kibali cha kujenga fleti za kuuza kiendane na sharti la kusajili ramani ya sehemu, na cheti cha kuanza kulitumia jengo kisitolewe kabla ramani haijasajiliwa. Mwekezaji anayetaka kuuza atalipa mpima mwenyewe, haraka, wakati bado ana kampuni, bado ana simu inayopatikana, na mzee mwenye kiwanja bado anaweza kutia saini.